Mchwa wa Nani Nyumbani kwa Liwali?

Palikuwa na Liwali mnene wa madaraka, mwembamba wa akili, jina lake Mselem bin Zahor. Aliletwa kutoka pwani kuja kutawala Shikanga, mji wa bara, wa mvua na vichuguu. Siku moja akaketi kwenye kiti chake cha nakshi. Kiti kikawa vumbi. Liwali akabaki sakafuni, miguu juu, kilemba machoni.

Mchwa! Na kwa kuwa mkubwa haanguki ila kwa kosa la mdogo, akatafutwa mdogo.

Akapatikana jirani, Nafuna, mwanamke mwenye digrii mbili na kazi sifuri. Alikuwa akiuza peleti: maranda ya seremala yaliyosagwa, yakakaushwa, yakashindiliwa na mashine mpaka yakawa vidonge vigumu vya kupikia. Magunia arobaini yalijaa chumbani mwake, na ndiyo maisha yake yote.

"Peleti zako zimewaita mchwa!" Liwali akafoka barazani, watu wamejaa.

"Zimewaita kwa sauti gani, Bwana Liwali? Nalala nazo chumba kimoja, sijasikia."

"Mti ni mti. Mchwa hula mti."

"Mchwa hutaka unyevu, Bwana. Peleti zangu ni kavu kuliko zile barua za kuninyima kazi, za 'we regret to inform you'. Nimeziweka juu ya mawe, hazigusi udongo. Hakuna gunia hata moja lililotobolewa. Sasa mgeni aalikwe kwangu, ashibe kwako? Logic ya wapi hiyo?"

Watu wakaangua kicheko. Liwali akavimba kama peleti iliyonyeshewa.

"Kimya! Mchwa ni wako. Kabla ya adhuhuri ya Ijumaa uwe umewatoa wote nyumbani kwangu, mmoja mmoja. Ukishindwa, magunia yote yanakuja jikoni kwangu, na wewe unahama mji."

Kumbe! Mwenye njaa ya peleti hakuwa mchwa.

Nafuna akapiga magoti. Watu wakadhani analia.

"Nimekubali, Bwana. Ila ni wangu kweli? Wote?"

"Wote!"

"Na malkia wao?"

"Na malkia, na vitukuu vya malkia! Karani, andika, piga muhuri!"

Karani, mzaliwa wa Shikanga, akakohoa, akataka kusema neno. Akakemewa. Akaandika.

Neno lenyewe ni hili. Shikanga mchwa wakiota mbawa huitwa chiswa, na chiswa ni kitoweo. Mtu yuko radhi kumpa jirani kuku, si chiswa. Kwa hiyo kila kichuguu kina mwenyewe. Mwenye mchwa ndiye mwenye kichuguu, na hakuna mtawala anayemzuia kuvuna. Aliyejaribu zamani, mji mzima ulimsindikiza hadi mpakani, kwa mawe.

Alhamisi mvua ikanyesha. Ijumaa asubuhi Nafuna akaja na jembe, na karatasi ya muhuri, na nusu ya mji wamebeba vikapu. Akafuata njia ya udongo waliyoijenga mchwa ukutani mpaka chumba cha kulala, akapiga jembe la kwanza mvunguni.

Liwali akaamka na shuka kichwani. "We mwanamke! Unachimba nini?"

"Malkia wangu, Bwana. Anaishi chini ya kitanda chako."

"Chumbani kwangu!"

"Kilikuwa chumba, Bwana. Sasa ni kichuguu. Excuse me, shuka, unalalia mali ya watu."

"Toka!"

"Nitoke bila mchwa wangu? Amri ni mmoja mmoja. Jamani, wako kwenye mihimili, pandeni! Wako mlangoni, ng'oeni! Taratibu lakini, asiumie hata mmoja, wana muhuri wa serikali hawa!"

Watu wakapanda. Bati la kwanza likashuka. La pili likamfuata mwenzake. Jua likamwona Liwali na nguo zake za kulalia, mji nao ukamwona.

"Basi! Basi!" akalia, ameukumbatia mwimo wa mlango. "Mchwa ni wangu! Kila mmoja ni wangu! Karani, futa ile, andika upya!"

Karani hajawahi kuandika mbio namna ile. Muhuri ukagongwa. Nafuna akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akajipangusa udongo magotini.

"Asante, Bwana Liwali. Sasa wafungie ndani mchwa wako. Nina magunia arobaini hapo jirani, na umesema mwenyewe yanawaita."