Jezi Ambayo Tully Aliikataa

Mtoto wa Mallee, huko Australia kwenye ngano na vumbi jekundu, hupewa mpira wenye umbo la yai kabla hajaota meno. Tully Rasmussen alilelewa hivyo hivyo. Alipotimiza miaka kumi na minane, klabu ya mpira huo, Port Ellery, ilimchagua, naye akafungasha virago akaenda Melbourne. Vijana wa umri wake hawaachwi waishi peke yao, kwa hiyo klabu ilimweka nyumbani kwa Heath Pomeroy, beki mkongwe wa timu, na mkewe Bronwyn.

Walimpenda kama ndugu wa damu. Heath alimfundisha kuruka juu ya migongo ya watu na kuudaka mpira hewani, na Bronwyn alimpikia nyama ya kondoo kila Jumapili. "Kula, shemeji," alimtania. "Ulivyo mwembamba hivyo, upepo ukivuma tutakuokota kisiwani Tasmania!"

Heath alikuwa na kasoro moja ambayo nyumba nzima iliigeuza kuwa mzaha: alikuwa msahaulifu. Aliuliza jambo moja mara tatu, akaacha jiko likiwaka, akatafuta funguo alizozishika mkononi. "Kichwa cha mume wangu kilibaki uwanjani mwaka juzi," Bronwyn alizoea kusema. Wote walicheka, ila kicheko cha Bronwyn mwenyewe kiliisha mapema kuliko cha wengine.

Wakati wa kiangazi, kabla ya msimu kuanza, kila mchezaji hufanya mtihani wa kumbukumbu. Akija kugongwa kichwani, daktari humpima tena na kulinganisha alama. Siku ya mtihani Heath alimvuta Tully pembeni.

"Mdogo wangu, leo usijifanye msomi. Kosea kosea kidogo. Ukigongwa, alama zako hazitashuka, utaendelea kucheza. Mimi nafanya hivyo mwaka wa kumi huu."

"Na daktari akijua?"

"Atajuaje? Kichwa si chako?"

Ushauri huo ulikuwa mbaya kuliko yote aliyowahi kupewa, na aliyeutoa alikuwa mtu aliyempenda. Tully akakosea kosea.

Mwezi wa tano kocha alimpa habari aliyoiota tangu utotoni: Jumamosi angecheza katika timu ya kwanza. Alimpigia simu baba yake, Russ, aliyekuwa shambani akipanda ngano. Simuni ukasikika mngurumo wa injini tu.

"Baba, upo?"

"Nipo. Nasimamisha trekta." Mngurumo ukazimika. "Nitakuja, mwanangu. Ngano itanisubiri."

Ilikuwa lazima aje. Mchezaji anayecheza mara ya kwanza hukabidhiwa jezi na mzazi wake mbele ya timu nzima, na hakuna baba wa Mallee anayeikosa siku hiyo.

Jumatano, mazoezini, Tully aliruka kudaka mpira, goti la mwenzake likamgonga kisogoni. Aliinuka huku uwanja ukimzunguka. Daktari Menon, mama mpole asiyependa haraka, alimpa mtihani ule ule. Alama zikalingana na za kiangazi.

"Kichwa kinauma?"

"Wala, daktari. Niko fiti."

Alijua kwamba akikiri, sheria ingemweka nje siku zisizopungua kumi na mbili, na nafasi aliyoililia miaka yote ingekwenda kwa mwingine. Akaumeza uchungu wake. Lakini mwanga ulimchoma macho, na Alhamisi alitia chumvi kwenye chai, kisha akamwuliza Bronwyn leo ni siku gani. Baada ya muda akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu, Bronwyn aliweka kisu chini, asicheke.

"Basi sasa ninao wawili," alisema polepole.

Tully alimtazama Heath akizunguka sebuleni kutafuta funguo zilizo mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza hakuona kichekesho. Alijiona mwenyewe miaka kumi ijayo.

Ijumaa asubuhi Russ alisimama mbele ya wachezaji na daktari akiwa na tai yake ya pekee, jezi mpya mkononi. Alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa tano.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema. "Najua kupanda ngano tu. Ila huyu... huyu ndiye zao langu bora." Watu wakacheka na kupiga makofi. Akamnyooshea mwanawe jezi.

Tully alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Baba, usinipe. Kichwa kinaniuma tangu juzi. Nimemdanganya daktari, na mtihani wa kiangazi niliufanya vibaya kwa makusudi."

Jina la Heath hakulitaja. Russ aliikunja jezi taratibu, akaiweka kwapani, akamkumbatia mwanawe.

"Nimekuja kukuona wewe, bwana mdogo. Jezi naweza kuifuata siku yoyote."

Hapo kiti kikaburuzwa. Heath alikuwa amesimama. "Mimi ndiye niliyemfundisha uongo huo. Daktari, mke wangu hunionyesha picha za harusi yetu, nami huitikia ndiyo, ndiyo. Siikumbuki. Hata kidogo siikumbuki." Jitu lile ambalo hakuna mshambuliaji aliyewahi kulitisha lililia kama mtoto.

Daktari Menon aliwapima wote wawili. Jeraha la Tully lilikuwa bichi; alipumzishwa wiki sita, akapona kabisa. La Heath lilikuwa la miaka kumi. Dawa zingepunguza kasi yake, kuliondoa zisingeweza. Hakucheza tena.

Wiki ya saba Russ alirudi Melbourne, akamkabidhi mwanawe jezi, na safari hii mkono haukurudi nyuma. Kesho yake Tully alifunga mabao mawili, uwanja mzima ukilipuka kwa shangwe. Jukwaani, Heath alishangilia mpaka sauti ikakauka, kisha akakaa na kumwegemea mkewe.

"Laiti na mimi ningesema mapema kama mtoto yule," alisema.

Bronwyn alimshika mkono. Ama kweli, mficha uchi hazai.