Haja ya Bi Umaima

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mabonde ya Yemen alikuwako imamu mchaji Mungu aitwaye Sheikh Wahbi. Msikiti wake ulikuwa na desturi: mwenye haja nzito anayeona haya kuitaja hupeleka jina lake tu, imamu akalitangaza baada ya sala ya Alfajiri, na jamaa wote wakaitikia amin. Haja yenyewe haikuulizwa.

Jina lililotajwa mara nyingi kuliko yote ni la Bi Umaima, mjane mkongwe. Mwanawe, Hilali, alizaliwa na akili ambayo haikukua pamoja na mwili wake, na sasa naye alikuwa mzee, ndevu nyeupe pe, magoti yamemwisha. Hata kujifunga shuka, jambo alilofundishwa na mamake kwa miaka mingi, uzee ulikuwa umemsahaulisha. Mama alimlisha, akamwosha, akamshika mkono hadi msikitini. Huko jina la mamake likitajwa, Hilali aliitikia amin kwa sauti kuliko wote.

Watu wa mtaa ule walikuwa mafundi wa kusifu. "Mashaallah, Bi Umaima ana subira!" walisema, kisha kila mtu akashika njia yake. Sheikh Wahbi naye alimtolea mfano katika mawaidha, lakini mlangoni kwake hakupata kubisha hodi.

Mpaka Bi Umaima alipoanguka kitandani. Sheikh alikwenda kumzuru, akamkuta Hilali sakafuni, kanzu imelowa, analia kwa njaa. Akasema kumliwaza mgonjwa, "Bi Umaima, inshallah Mola atakujalia haja yako. Sisi hatujachoka kuitikia."

Bibi akageuzia uso ukutani. "Sheikh, nakwenda mbele ya Mola wangu, sitakuficha. Namwomba amchukue Hilali kabla yangu. Nikitangulia mimi, nani atamwosha?"

Sheikh Wahbi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote ile alikuwa akiwaongoza watu kuomba kifo cha mja asiye na kosa, na mja mwenyewe akiitikia.

"Waniruhusu niwaambie jamaa?" aliuliza.

"Waambie. Mimi sina tena nguvu ya kuficha."

Akavua joho lake, akamchukua Hilali uani kumwosha. Alipommiminia maji kichwani, Hilali alipiga ukelele, akajikunyata pembeni akitetemeka. Sauti dhaifu ikatoka ndani: "Anza na miguu, Sheikh. Kichwani humtisha."

Alfajiri iliyofuata aliwaambia watu, akijilaumu yeye kwanza, machozi yakimtiririka. Tangu siku ile wanawake walileta uji, na wanaume wakapeana zamu za kumwosha Hilali na kulala nyumbani mle kumwangalia. Mmoja alipotaka kumhamishia kwake, Bi Umaima alimzuia. "Hilali haijui nyumba nyingine. Njooni ninyi." Wakatii.

Bi Umaima alifariki muda si mrefu, na aliloliomba halikuwa. Hilali aliishi, akatunzwa. Lakini kila asubuhi aliuliza mama yuko wapi, na kila asubuhi mwenye zamu alimwambia, naye akalia upya kana kwamba ndiyo kwanza asikie.

Mungu awarehemu wote. Lakini tusidanganyane, ndugu zangu: walichelewa. Ukimwona jirani yako anasubiri, usiishie kumsifu. Ingia ndani, umuulize anasubiri nini.