Sisimizi Aliyelala Juu ya Barua

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na kifua!

Kifua cha mtoto wa Ndovu, aliyekuwa bado tumboni mwa mamaye. Humo aliishi Kiboko, aliyepewa kazi ya kuwa moyo. Msiniulize aliingiaje, nami niliambiwa hivyo hivyo.

Kila asubuhi Kunguru alileta barua ya Mfalme: "Gawanyika." Kasuku akaisoma kwa sauti, na pwaa, Kiboko akawa wawili. Barua nyingine, pwaa, wakawa wanne. Kila Kiboko mpya alipewa bakuli la uji, basi nani angehangaika na kudunda? Walijaa kifua kizima wakinywa, fo fo fo, wala hakuna aliyedunda hata mara moja.

Mama Ndovu akatulia ausikie moyo wa mwanawe. Kimya. Akaanza kulia, na kilio kikamfikia Sisimizi mle ndani, kikamchoma. Sisimizi huyo alikuwa mdogo kweli: akijinyoosha juu ya maandishi, hufunika herufi ishirini na mbili tu.

Akamwendea Kiboko wa kwanza, akamsihi wadunde, mtoto asife. Kiboko akacheka mpaka uji ukamtoka puani.

"Wewe chembe ya vumbi utanifanya nini?"

"Nikufanye nini, bwana mkubwa? Naomba pa kulala tu."

"Lala popote," akasema Kiboko.

Sisimizi akaenda kulala juu ya barua. Sasa, mila ya kifua kile ni kwamba barua iliyogandwa na kitu haisomwi, huchanwa. Kasuku akaifungua, akamkuta Sisimizi anakoroma, kroo. Akaichana, chwaa. Ya pili, kroo, chwaa. Ya tatu, kroo, chwaa.

Bila barua hakuna kugawanyika, bila kugawanyika hakuna uji. Viboko wakataka Sisimizi afukuzwe, lakini ruhusa ya kulala popote waliitoa wenyewe. Wakashikwa na hasira, wakapiga miguu chini wote kwa pamoja: du-du, du-du.

Mama Ndovu akasikia, akacheka na machozi usoni.

Mpaka leo, Viboko wakitaka kupoa hasira, Sisimizi huwauliza kwa upole, "Jamani, mmeshakunywa uji?"

Du-du, du-du, du-du.

Ngano yangu imekoma. Penye utamu gawaneni, penye uchungu niachieni nitafunie muhogo. Na funzo lake, watoto: watiini wakubwa, barua zisomwe zote, na mtu mdogo asilale kazini.