Wimbo Mmoja wa Bi Naetwe

Sogeeni karibu, na mwenye machozi ya karibu ashike leso. Kuna kesi imenishinda, leo nawatwika ninyi.

Pale Same walikuwapo watu watatu waliompenda Bi Naetwe, muuza vitumbua, na kila mmoja alijaliwa lake. Binti yake Nakiete alijaliwa kubembeleza. Ukimkatalia asubuhi, jioni unajikuta umekubali. Mwanawe Eliapenda alijaliwa jicho la kupiga picha, hata jiwe akilipiga linapendeza. Wifi yake, Shangazi Apaisaria, alijaliwa maneno, na hakuna lililomkaa kifuani. Yote aliyapeleka mtandaoni.

Siku moja lori lilirudi nyuma sokoni, dereva haangalii, likambana Bi Naetwe ukutani. Uti wa mgongo ukaumia. Daktari akasema asipofanyiwa upasuaji miguu itakufa taratibu. Gharama zilipaswa kulipwa na bima ya lile lori, kwa hiyo akapeleka madai yake, akasubiri, akijikokota kwa magongo.

Katikati ya kusubiri ikafika sherehe ya kumuaga Nakiete, aliyekuwa anaolewa. Mnajua mambo yetu: mama asipoingia ukumbini akicheza kumkabidhi binti, wakwe watasema hana radhi.

"Mama, wimbo mmoja tu," Nakiete alibembeleza.

"Mwanangu, na mgongo huu?"

"Nisiende kwa watu wakasema hukuniridhia. Mmoja tu, mama."

Bi Naetwe akameza vidonge vya maumivu, akayaacha magongo nyuma ya mlango, akacheza. Alitabasamu mpaka ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Eliapenda alirekodi yote, hata pale mama yake alipofika nyuma ya pazia akawaangukia wapishi mikononi, akilia. Kipande hicho alikikata. "Siwezi kuwaonyesha watu mama yangu akilia," alisema. Likabaki tabasamu.

Shangazi Apaisaria akaiomba ile video, akairusha mtandaoni, na juu yake akaandika: "Wifi yangu amepona! Mgongo mpya! Maadui mpo?" Alitaka kuwaziba midomo majirani waliosema Naetwe hatasimama tena. Pongezi zikamiminika. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo mtu wa bima.

Wakamwita ofisini. Afisa akamgeuzia simu.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Na magongo yako wapi?"

"Nyuma ya mlango."

Akaeleza habari ya vidonge, akaeleza alivyoanguka. Afisa akatikisa kichwa. "Mama yangu, mimi hapa naona unacheza, na ndugu zako wanasema umepona."

Madai yakakataliwa. Upasuaji haukufanyika, na miguu ikafa kama daktari alivyosema. Inaniuma hata kusimulia.

Sasa Bi Naetwe anahitaji mtu wa kumgeuza na kumwogesha. Ukoo ukakaa kikao, ukasema aliyemponza ndiye aache yake ahamie kwake. Nakiete aache ndoa changa, au Eliapenda aache kazi yake mjini, au Shangazi aache watoto wake?

"Mimi niliomba wimbo tu," Nakiete alisema. "Sikumwambia mtu arekodi."

"Mimi nilimsitiri mama yangu," Eliapenda akasema. "Sikuandika neno."

"Nami niliandika nilichokiona!" Shangazi akalia. "Ungeniachia kile kipande, ningeandika vile?"

Sauti ikatoka chumbani. "Jamani, aliyecheza ni mimi."

Eliapenda akashika simu aifute ile video, mama yake akamkatalia. "Usiifute, baba. Ndipo niliposimama mara ya mwisho." Mpaka leo huomba aonyeshwe, na akiitazama hutabasamu vilevile.

Kikao kimeshindwa, nami nimeshindwa. Je, wewe ungeamua vipi? Na uamuzi wako useme kwa sauti, maana chumba cha Bi Naetwe kipo hapo hapo, na anasikiliza utamtaja nani.