Ng'ombe Mmoja na Uzito Usioonekana

Hapo zamani, katika mji wa milimani ulioitwa Kwemhanga, watu walipenda nyota kuliko harusi. Na harusi walizipenda kweli kweli!

Siku moja mtawala wao, Mwene Kilua, akatangaza: "Nyota za galaksi huzunguka pamoja wala hazitawanyiki. Zinashikwa na nini? Atakayetujibu nitampa ng'ombe wangu Maua. Lakini ni mtu mmoja tu. Maua ana mimba, hagawanywi mafungu."

Mwasiti, fundi wa vioo, akaanza kazi. Akasugua kioo cha darubini, akapima, akasugua tena. Miaka miwili akasugua, hata ncha za vidole vyake zikafa ganzi. Kilipokamilika, mji mzima ulipiga vigelegele.

Kisha akaja Kiondo, mpimaji. Alielekeza darubini kwenye galaksi moja, akapima mwendo wa nyota zake. Za pembezoni, zilizo mbali na katikati penye nyota nyingi, alitarajia ziende polepole. Wapi! Zilikwenda kasi sawasawa na za ndani. Kwa kasi ile zilipaswa kuchomoka na kupotea.

"Umekosea," watu wakamwambia.

Akapima galaksi ya pili. "Umekosea." Akapima ya kumi. "Umekosea." Akapima ya sitini, jibu lile lile. Sokoni wakamcheka, wakamwita Bwana Kasi. Naye sababu yenyewe hakuijua, ila vipimo vyote aliviandika daftarini.

Hozana, mwalimu wa hesabu, akaazima daftari hilo la Kiondo. Alilisoma asubuhi moja huku akikaanga maandazi. Maandazi yakaungua. Hozana akatoka mbio, mikono imejaa unga, mpaka kwa Kiondo.

"Kaka Kiondo, hukukosea! Zungusha jiwe lililofungwa kamba. Ukizidisha kasi, kamba nyembamba hukatika, jiwe likaruka. Nyota hizi haziruki! Basi kuna kinachozivuta zaidi ya hivi tunavyoviona. Nimejumlisha uzito wa nyota zote na gesi yote. Hautoshi! Lazima kuna uzito mwingine, mkubwa mara nyingi zaidi, usiotoa mwanga hata chembe. Huo ndio unaozishika."

Kiondo akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwasiti akaitwa, na wote watatu wakacheza pale pale uani, unga ukiwarukia.

Habari ikafika kwa Mwene. Ngoma zikapigwa, Maua akaletwa uwanjani.

Mwasiti akasema, "Mwene, tazama vidole hivi. Bila kioo changu, Kiondo angepima nini? Hozana angesoma nini?"

Kiondo akasema, "Dada yangu, kwa kioo chako wengi walitazama nyota, wakaona mapambo tu. Mimi nilichekwa mara sitini na sikuacha. Ningeacha mara ya kwanza, leo tungekuwa hapa?"

Hozana akasema, "Nawaheshimu wote wawili. Ila Mwene hakuuliza nyota zinakwendaje. Aliuliza zinashikwa na nini. Aliyejibu ni nani?"

Uwanja ukalipuka. Huku waliimba Mwasiti! Kule Kiondo! Akina mama wote Hozana! Mwene akashika kamba ya ng'ombe, akamnyooshea huyu, akairudisha. Akamnyooshea yule, akairudisha.

Haya, wenzangu, msinitazame mimi. Mkono wa Mwene bado uko hewani na Maua anasubiri. Je, nani alimstahili?