Fisi Aliyetaka Programu Zote

Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulie!
Ina mkia na meno!
— Mkia tupe, meno kaa nayo mwenyewe!

Basi tulieni. Haya sikusimuliwa. Nilikuwepo, juu ya mkwaju, hatua saba kutoka jikoni kwa Fisi, na macho yangu haya yaliyoishia darasa la sita yaliona kila kitu.

Fisi alikuwa na nyumba ya wageni isiyopata mgeni. Nani akalale kwa Fisi? Akafikiri, akajilamba, akamkamata Kuchakulo, yule kindi fundi wa tovuti wa msitu mzima, akamfunga kamba kiunoni, kamba kwenye mguu wa meza, meza kando ya chungu kinachochemka. Tokotoko, tokotoko.

"Nitengenezee tovuti ya heshima," akasema Fisi. "Anayeiona aseme hapa pana wenyewe. Jina langu lisionekane, andika 'Pumziko la Amani'. Mama Mbuzi na wanawe saba wanatafuta malazi, adhuhuri watachungulia kwenye simu. Wakija, nawala wao. Wasipokuja, nakula wewe."

Kuchakulo akapiga hesabu. Akiitengeneza vizuri, Mama Mbuzi anaingia chunguni na wanawe. Akiitengeneza vibaya, anaingia yeye. Huku moto, huku meno.

Akafungua kompyuta. Akachagua programu moja tu, ya kupanga kurasa. Akaweka kichwa kimoja, picha moja ya kitanda, kitufe kimoja: KARIBU. Kwingine kote akaacha peupe. Ilipendeza, hata mimi nilitaka kuhamia.

Fisi akachungulia, mate yakimdondoka to, to, to.

"Mbona hapa peupe?"

"Ndipo jicho linapopumzika, bwana mkubwa."

"Lipumzike, kwani limelima? Jaza!"

Masikio ya Kuchakulo yakasimama. Ameona upenyo, mwembamba kama uzi. Akafungua orodha.

"Programu zipo tisa, bwana mkubwa. Ila moja yatosha. Kila moja ina kitufe chake cha kuzima, zikiwa nyingi zitakushinda kuzichunga."

"Zinishinde mimi? Hii ya kwanza inafanya nini?"

"Inachora herufi za maua. Ila moja yatosha."

"Weka!" Ta!

"Ya pili inamwaga nyota. Ila moja yatosha."

"Weka!" Ta!

"Ya tatu inapiga zumari. Ila moja..."

"Weka! Weka zote! Unanibania, we kimkia?"

"Sikubanii, bwana mkubwa. Lakini ya tisa hujaisikia. Ni jicho la kompyuta, linaonyesha..."

"Usinisomee! Zote, nimesema!"

Kuchakulo akabonyeza mara saba.

Adhuhuri ikafika. Ng'ambo ya mto, Mama Mbuzi akavaa miwani, akafungua simu. Nyota zikamwagika. Zumari likalia piii! Wanawe wakarukaruka: "Mama, bonyeza KARIBU! Bonyeza, mama!" Kwato ikainuka. Kwato ikashuka, ikashuka...

Na pale katikati ya maua, kwenye kijidirisha, akatokea Fisi mzimamzima. Ananoa kisu, kwaru, kwaru, anaimba: "Mbuzi mmoja wa mchuzi, wawili wa kukaanga..."

Kwato ikabaki hewani.

"Meee!" Kelele ile ilivuka mto ikaingia jikoni. Fisi akageukia kompyuta.

"Huyu mwenye kisu ni nani?"

"Ni wewe, bwana mkubwa. Msitu mzima unakutazama."

"Zima!"

"Vitufe vipo tisa, bwana mkubwa. Tafuta."

Fisi akavamia kompyuta. Akabonyeza, nyota zikazidi. Akabonyeza, zumari likapanda. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, na leo alikuwa nazo tisa! Chini ya meza, Kuchakulo anatafuna kamba. Kere, kere, kere. Ukabaki uzi mmoja.

Fisi akageuka, kinywa wazi. "Sasa nakula wewe!"

"Nile, lakini angalia adabu. Simba naye anatazama, na wewe umempa mgongo."

Simba alikuwa kwake, anakoroma. Lakini Fisi angejuaje? Akaigeukia kompyuta haraka, akainama. "Shikamoo, mzee!" Akarudi nyuma hatua moja kwa unyenyekevu. Akarudi ya pili. Akakalia chungu.

"Aiii!"

Kamba pu! Kuchakulo dirishani, Kuchakulo mtini, Kuchakulo hayupo. Na tangu siku ile Fisi anatembea nyuma kumeshuka, mtazameni vizuri.

Funzo lake? Nyie mnaotengeneza tovuti, acheni ubahili. Programu moja ni uchovu, peupe ni hasara. Mteja ni mfalme: akisema zote, mpe zote.

Hadithi nimeitua chini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe. Na msiniite mwongo, kila neno ni kweli tupu, isipokuwa ile miwani ya Mama Mbuzi. Miwani nimeitia mimi.