Kibuyu Kwenye Nguzo ya Gati

Kuna vitu ambavyo wakati huvila kama mchwa alavyo mlango. Nguo hupauka, meno hung'oka, chuma hushika kutu. Lakini kazi ambayo mtu ameifanya hadi ikahamia mikononi mwake, wakati huipita kando bila kuigusa. Ndiyo maana waliotutangulia walisema kwamba ujuzi hauzeeki. Roda, binti wa Lokwang, aliisikia methali hiyo akiwa shule ya upili mjini Isiolo. Aliiandikia insha, akapata alama nzuri, kisha akaisahau. Ilimrudia asubuhi moja ya mafuriko, akiwa katikati ya mto Ewaso Nyiro pamoja na jeneza la babake.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani kwa wiki mbili. Mto ambao wakati wa kiangazi mbuzi waliuvuka bila kulowa tumbo sasa ulikuwa mpana na mwekundu, mzito kama chai iliyosahauliwa jikoni. Ukungu ulitanda juu ya maji. Ng'ambo, upande wa Korbesa, miti ya mikoma ilionekana kama watu warefu waliosimama wakingoja bila kuzungumza. Huko ndiko kaburi lilikochimbwa, kando ya kaburi la mama yake Roda. Upande huu, lori lililoleta jeneza kutoka Isiolo kupitia Garbatulla lilikuwa limezama matopeni, na waombolezaji walikuwa wamengoja siku mbili maji yapungue.

Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa Gababo, mzee wa Kiborana aliyepokea kamba kwenye gati la Korbesa tangu Roda akiwa mtoto.

"Kaburi inaanza kumeguka pembeni," alisema. "Maji inaingia chini. Mkikawia mpaka kesho, tutakuwa tumechimba kisima. Mleteni leo."

Achuka, mdogo wake marehemu, alisimama akafunga shuka kiunoni. Mtu huyu hakuogopa simba, lakini maji yaliyopita magoti yalimfanya ajikaze kama anayechomwa mwiba.

"Leo ni leo," alisema. "Kaka yangu hawezi kulala kwa matope kama gurudumu."

Roda alisogea ukingoni. Alikuwa akitazama maji, na maji yalikuwa yakimtazama.

Lokwang alizaliwa Isiolo, lakini ujana wake aliumalizia kwa mjomba wake aliyevua samaki Ziwa Turkana. Huko ndiko alikojua mashua. Aliporudi, alikabidhiwa boti ya mbao ya kivuko cha Korbesa, akavusha watu, mbuzi, magunia na maharusi kwa miaka ishirini na miwili. Maji ya mto yalipojaa, watu walisema Lokwang hakuifikisha boti gatini. Aliiomba tu, nayo ikaenda.

Roda alipomaliza kidato cha nne, alikaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Babake akamwita mtoni. Kila asubuhi Gababo alileta kibuyu cha maziwa ya ngamia, na Lokwang alikitundika kwenye nguzo ya gati la Korbesa, kikining'inia juu ya maji, pale pale ubavu wa boti ulipopaswa kusimama.

"Lete boti," alimwambia binti yake. "Usikiguse kibuyu."

Siku ya kwanza Roda alikipasua, maziwa yakaenda na mto, nao wakanywa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Siku ya pili wakanywa strungi. Walikunywa strungi miezi miwili, hadi Gababo akaanza kusema kwamba ngamia wake wananyonyesha samaki. Babake hakumkemea hata mara moja. Alimimina ile chai nyeusi kwa utaratibu, kama mtu anayemimina kitu chenye thamani, kisha akarudia maneno yale yale.

"Mto ni mkubwa kuliko wewe, usipigane nao. Uulize kwanza unaenda wapi. Halafu elekeza pua ya boti kule maji yanakotoka, upe mto shavu moja tu, na uwe na subira. Utakubeba wenyewe mpaka mlangoni."

Mwezi wa tatu kibuyu kilibaki kimening'inia. Siku hiyo walikunywa chai ya maziwa, na Lokwang akaimba wimbo wa kusifu fahali, ingawa hakuwa na fahali yeyote.

Kisha ikaja boti mpya. Ilikuwa ya bati jeupe, yenye injini kubwa nyuma, na ndani ya pua yake, chini ya maji, kulikuwa na injini nyingine ndogo. Dereva alipobonyeza kitufe, injini hiyo iliisukuma pua kushoto au kulia bila usukani kuguswa. Kamati ya kivuko ilimpa kazi Mohamednoor, kijana mcheshi wa familia ya wasafirishaji, ambaye aliendesha kila chenye magurudumu na akaamini kwamba boti ni gari lisilo na vumbi. Alikuja moja kwa moja, kifua mbele, ubavu wa boti ukiwa wazi kwa mto. Alipokaribia gati, alibonyeza kitufe, pua ikaingia. Watu walipiga makofi.

"Mzee, hii ni kama simu," alimwambia Lokwang. "Unabonyeza tu."

"Na simu ikizima?"

"Si unachaji!"

"Nikufunze kuileta bila kitufe. Siku chache tu."

"Aah, mzee! Hiyo ni kufunza mtu kuwasha moto na vijiti na kiberiti iko."

Watu walicheka. Lokwang pia alicheka. Lakini jioni hiyo Roda, aliyekuwa amepata kazi dukani mjini na kuja nyumbani kwa likizo, alimkuta babake akisuka kamba ya boti isiyokuwepo tena. Moyo ulimuuma, na kwa kuwa ulimuuma, alisema maneno makali.

"Baba, pumzika. Mashine imekuja. Ujuzi wako umezeeka."

Lokwang aliiweka kamba chini. Kisha akammiminia chai, akamsogezea kikombe, akaendelea kusuka. Tayari wakati huo alikuwa ameanza kukohoa. Roda alikusudia kuyarudisha maneno yale likizo iliyofuata, na iliyofuata, hadi akapigiwa simu kutoka wodini.

Sasa jeneza lilikuwa limelazwa katikati ya boti nyeupe, juu yake shada la maua. Wabebaji wanne walikaa pande mbili. Achuka alikumbatia mguu wa jeneza kwa mikono yote miwili. Mbele alikaa Fahmo, mfanyabiashara wa Kisomali aliyevuka mto huo kwa miaka kumi na mitano akiuza vitambaa, na ambaye alikuwa amekataa kubaki nyuma. "Mzee huyu alinivusha nikiwa na mimba mara nne," alisema. "Leo mimi nitamvusha yeye."

Mohamednoor alivuta kamba ya injini ya nyuma, ikanguruma, wakaondoka.

Ukungu uliwafunika. Kwa muda hapakuwa na ukingo wa huku wala wa kule, ila mngurumo na harufu ya udongo mbichi. Roda alihisi kana kwamba wamesimama na dunia ndiyo inayopita, magogo, majani, mzoga wa mbuzi mmoja, vyote vikienda kwa utulivu kama wageni wanaotoka karamuni. Kwenye pua ya boti, pale ambapo hapakuwa na mtu, alimwona babake amekaa na kofia yake ya sufu, mgongo kwao, akitazama maji.

Ukungu ulipasuka. Gati lilikuwa mbele yao, vigogo vya mikoma na magunia ya mchanga, na juu yake watu wa Korbesa wamesimama kimya. Hatua thelathini kupita gati, kule maji yanakoelekea, zilitokeza nguzo za daraja la miguu lililobomoka miaka mingi iliyopita, vyuma vyake vikiwa wazi kama mbavu. Mto ulipasuka hapo ukitoa povu.

Mohamednoor alikuja kama alivyozoea, ubavu wazi. Akabonyeza kitufe. Injini ya pua ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Kimya.

"Betri!" alisema, akainama kuitazama.

Hapo ndipo wote walipouona waya. Kijana huyu alikuwa na roho safi. Kwa siku mbili zile za kungoja, upande usio na umeme, aliwaunganishia waombolezaji waya kwenye betri ya boti ili wachaji simu, wapate kuwaita ndugu wa Kipsing na wa Isiolo. Simu za matanga zilikuwa zimeinywa betri hadi tone la mwisho.

"Wendawazimu!" Fahmo alifoka. "Nani ameweka simu hapa? Nani?"

Wakati huo huo, mwishoni mwa waya, simu yenye kava ya maua ya waridi ilianza kulia. Ilikuwa ya Fahmo. Aliitazama, akavuta mtandio mdomoni, akasema kwa sauti ndogo, "Astaghfirullah."

Hakuna aliyecheka. Mto uliikamata boti ubavuni ukaivuta kuelekea nguzo za daraja. Gati likapita. Mohamednoor alizungusha usukani, akakanyaga mafuta yote. Boti ikainama, jeneza likateleza mkono mzima, Achuka akalia jina la kaka yake. Vyuma vya daraja vilipita karibu sana hata Roda akaona kutu yake. Kisha injini ikayashinda maji kwa shida, wakarudi katikati ya mto, wakining'inia hapo kama nzi kwenye utando.

"Siwezi," Mohamednoor alisema. Alikibonyeza kitufe tena, bure. "Wallahi, bila kitufe siwezi. Turudi."

"Kaburi litakuwa kisima," alisema Achuka.

Roda alisimama. Alipita kando ya jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao kwa muda mfupi, akafika kwenye usukani.

"Nipishe, Mohamed."

"Dada, umeshika lini boti mara ya mwisho?"

"Miaka saba."

"Miaka saba!"

"Shika kamba ya mbele. Nikikuambia tupa, mtupie Gababo, usitazame kitu kingine."

Kijana aliachia usukani. Roda aliushika, na kwa pumzi moja akaogopa kwamba mikono yake haitakuwa na neno la kusema. Uulize kwanza unaenda wapi. Alichomoa ua moja jeupe kwenye shada la babake, akampa Achuka. "Baba mdogo, utatupa nikisema." Aliipandisha boti polepole dhidi ya maji hadi ikapita gati, upande maji yanakotoka, karibu na ukingo. "Tupa."

Ua lilielea chini kwa haraka, likakaribia ukingo, kisha likasita. Likazunguka. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, likaanza kurudi juu taratibu. Palikuwa na maji yaliyolala, mapana kama uwanja wa kuchezea, hatua chache kabla ya nguzo ya gati. Jicho lisilofundishwa lisingeyaona kamwe.

Alielekeza pua kule maji yanakotoka, akapunguza mafuta hadi boti ikawa haiendi mbele wala nyuma. Kisha akauzungusha usukani kidogo kulia, kiasi cha mtu anayegeuza shavu lake la kushoto kupokea upepo. Mto ulisukuma shavu hilo. Boti nyeupe, pamoja na jeneza, na maua, na watu wake wanane wasiopumua, ilianza kuteleza kando, pole pole, kuelekea Korbesa.

"Inaenda yenyewe," Mohamednoor alinong'ona.

"Subira," alisema Roda. Hakujua kama ni sauti yake au ya yule mwenye kofia ya sufu.

Aliona nguzo. Aliona kitu kinachoning'inia juu yake, akadhani ukungu unamchezea. Kilikuwa kibuyu. Gababo alikuwa amekitundika alfajiri, maziwa ya chai ya matanga, na mikono yake ilikipeleka pale pale Lokwang alipozoea kukitundika. Sasa mzee alikuwa amesimama kando yake, amefungua vidole. Hakukiondoa.

"Tupa!"

Kamba iliruka. Gababo aliidaka, akaizungusha kwenye nguzo mara moja, akaiachia iteleze kidogo kidogo. Boti ikavuta pumzi ya mwisho, na mto wenyewe ukailaza kando ya gati kama mama amlazavyo mtoto aliyesinzia. Kati ya bati na kibuyu ilibaki nafasi ya kiganja. Wimbi dogo lilikifikia kibuyu, kikatikisika, kikatulia.

Roda alizima injini. Katika ule ukimya Gababo alilitazama jeneza, akasema kwa sauti ya kawaida, kama alivyosema kila asubuhi, "Umefika, Lokwang."

Hapo ndipo Roda alipolia.

Walimzika kabla ya adhuhuri, ardhi ikiwa bado inashikilia. Baadaye waombolezaji waliketi chini ya mikoma, na chai ikaletwa, nyeupe, yenye moshi wa kibuyu ndani yake. Fahmo aliwagawia wote, simu yake ikiwa imezimwa. Mohamednoor alikuja akachuchumaa mbele ya Roda, akazungusha kikombe mkononi bila kunywa.

"Mzee alitaka kunifunza," alisema. "Nikamchekea."

"Mimi nilimwambia maneno mabaya kuliko kicheko."

Kijana aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Dada Roda, kesho utanifunza?"

Roda alitazama mtoni. Ukungu ulikuwa umeinuka, na juu ya maji hapakuwa na mtu wala kofia, ila boti nyeupe iliyotulia kwenye kamba yake. Alihisi viganja vyake bado vina joto la usukani.

"Kunywa hiyo chai vizuri," alimwambia. "Kuanzia kesho utakunywa strungi."

Gababo alicheka hadi akafuta machozi, na hakuna aliyejua ni machozi ya nini. Roda aliinua kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili, akayarudisha kimoyomoyo maneno yale aliyochelewa kuyarudisha. Lokwang alikuwa ardhini, na mikono yake pamoja naye. Lakini asubuhi ile mikono yake ndiyo iliyomfikisha nyumbani. Mwenye ujuzi huzeeka na kwenda zake. Ujuzi hauzeeki.